Seva Kukaa Nyumbani Hakulindi Data

Kila panapozungumzwa data na maendeleo endelevu, swali huwa lile lile: kwa nini serikali isilazimishe seva zote zikae hapa nchini, tukalala usingizi? Limeulizwa mno. Mahali seva ilipo si mahali mamlaka yalipo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018, maarufu kama CLOUD Act, inaibana kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo kutoa data inazozidhibiti ikiamriwa kisheria, ziwe zimehifadhiwa Virginia au Nairobi. Jengeni ghala la seva Konza, Kenya, mkabidhini mwendeshaji aliye chini ya mamlaka hayo ya Marekani, na mtakuwa mmenunua viyoyozi na bili ya umeme tu. Tazameni mradi wa Worldcoin. Mwaka 2023 watu walijaa kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wakikodolea macho kifaa cha duara kilichopiga picha mboni zao, kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Dhara lilitendeka papo hapo kwenye foleni, kabla data hazijasafiri popote. Seva ya Nairobi isingezuia lolote. Kilichofanya kazi ni sheria: Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7, kwa kuwa ridhaa haikupatikana kihalali na tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo.

Wapo watakaosema basi sheria ya nchi inatosha, mikataba ya kimataifa ni makaratasi. Ni kweli kwamba Mkataba wa Kidijitali wa Umoja wa Mataifa wa 2024 haumfungi mtu. Lakini amri ya jaji wa Nairobi haijitekelezi yenyewe ng'ambo ya mpaka, na data za wagonjwa na za mashamba zinavuka mpaka kila siku. Ndiyo maana Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaozifunga nchi zilizouridhia katika ulinzi wa data binafsi, una uzito. Ulipitishwa 2014, ukaanza kutumika Juni 2023 baada ya nchi 15 kuuridhia; kati ya hizo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na Rwanda peke yake.

Basi: Mkataba wa Malabo uridhiwe, wasimamizi wa data wapewe wakaguzi na bajeti, funguo za usimbaji zishikwe na taasisi ya umma, na kila mkataba wa msaada utaje mwenye data, tarehe ya kuzifuta na mahakama itakayosikiliza mgogoro. Wewe unayesaini kwa niaba ya hospitali ya wilaya, ukikosa kipengele kinachotaja hayo, rudisha karatasi bila saini.