Unapanga Kupanda Mlima Kenya? Uliza Mtalala Wapi Kabla ya Kutuma Pesa

Kila zile video za watu wa Marekani wakikimbiza pikipiki za theluji milimani zikisambaa, kuna mtu kwenye grupu lazima aulize: na sisi tutaenda wapi? Jibu fupi: hapa Kenya, hakuna. Theluji yetu iko juu kabisa Mlima Kenya, ni kidogo, na barafu ya Lewis inazidi kupungua. Unaiendea kwa miguu. Wengi wetu hulenga Point Lenana, mita 4,985. Batian, mita 5,199, waachie wenye kamba.

Swali basi ni upitie njia gani, na hapo ndipo wengi hukosea, mimi nikiwemo. Tulikuwa watano, tukachanga, tukachagua tangazo la bei ya chini kuliko yote. Siku tatu, kwenda na kurudi. Usiku wa pili rafiki yangu alikuwa anatapika, kichwa kinampasuka, ikabidi tuteremke naye gizani. Lenana hatukuiona. Pesa nazo hazikurudi, na kusema kweli hatukuwa tumeuliza lolote kabla ya kulipa.

Baadaye ndio nikaelewa kwamba bei ya chini mara nyingi ni usiku uliokatwa. Ushauri wa wataalamu ni kuwa ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya kama mita 500 kutoka mahali ulipolala jana. Sasa piga hesabu. Njia ya Naro Moru ndiyo ya haraka: unalala Met Station, mita 3,050, kesho yake Mackinder's, karibu mita 4,200. Hiyo ni zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, na katikati kuna tope linalovuta viatu. Sirimon mwinuko wake ni wa pole, lakini kutoka Old Moses (3,300) hadi Shipton's (4,200) bado ni mita 900. Dawa yake ni kuongeza usiku mmoja njiani. Chogoria, upande wa mashariki, ni ndefu na ndiyo nzuri kuliko zote, hasa ukifika juu ya Ziwa Michaelson. Ukiwa na likizo ya siku tano, panda Sirimon, shukia Chogoria. Ukiwa na tatu tu, ngoja upate likizo nyingine.

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi, muulize mwandalizi: tunalala wapi kila usiku, mita ngapi? Mtu akiugua, nani anashuka naye, na pesa zinakuwaje? Majibu yaje kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp. Kisha lipa sehemu tu, salio siku ya safari. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kukamilisha malipo. Kampuni inakuambia ina ofisi, halafu namba inaleta jina la mtu usiyemjua? Simama hapo, piga simu kwanza. Kiingilio cha hifadhi hulipwa KWS kupitia eCitizen, kwa hivyo kama mwandalizi amekulipia, ana risiti. Iombe.

Huko juu mtandao unakuja na kupotea, na baridi inamaliza betri haraka, kwa hivyo lala na simu ndani ya begi la kulalia. Bakshishi ya wapagazi usiipange kutuma ukiwa kambini. Beba noti, au ngoja mfike getini na umtumie kila mmoja kwenye laini yake mwenyewe.

Miezi mikavu ni Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba. Aprili ni mvua kubwa, hata bei ikiwa ya kutupa.