Mbung'o na Majira Yake

Wakaao karibu na misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Kigoma, wamjua mbung'o kwa kuumwa naye. Bali ni vema kuyajua na majira yake.

Jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja tu kwa kila uzazi, naye hujizika upesi katika udongo wenye kivuli. Penye joto la kadiri, mbung'o mpya hutoka baada ya siku 30 hivi. Wakati wa baridi hukawia zaidi. Mvua zikinyesha na majani yakisitawi, huenea msituni kote. Kiangazi kikiyapukutisha majani, hukimbilia vivuli vya mitoni. Na joto likipita digrii 32, hujificha katika mashimo ya miti. Kwa hiyo siku za joto kali huuma zaidi asubuhi na jioni.

Basi, mchungaji anyweshaye ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi na ajihadhari: pale penye kivuli kizuri ndipo adui apumzikapo. Tena nguo za buluu na nyeusi humvuta. Na mtu akishikwa na homa baada ya kuumwa, asingoje mpaka usingizi umlemee. Aende hospitali mapema, maana malale isiyotibiwa huua.