Tairi Lenye Kashata Nzuri Linaweza Kuwa Limezeeka

Katika ziara yetu ya Machochwe kabla ya mvua za masika, kamati ya parokia ilituonyesha kwa furaha matairi manne iliyopewa kwa ajili ya gari la zahanati. Yalikuwa yamekaa stoo muda mrefu. Kashata zake zilikuwa ndefu, na hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vilionekana. Tuliwaomba wasiyafunge. Mzee mmoja wa kamati akatuuliza, kwa haki kabisa: "Jamani, mnakataa kitu kipya wakati gari linatembea na vipara?"

Makala hii ni jibu letu kwake. Tunaliandika hapa kwa sababu swali hilo tumelisikia katika parokia nyingine pia, na kwa sababu baadhi ya wafadhili wetu hutuuliza kama wanaweza kututumia matairi.

Gari lile ndilo linalobeba akina mama wajawazito na wagonjwa kwenda hospitali Mugumu. Barabara ni ya vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi, na safari za usiku ni za kawaida. Tairi la mbele likipasuka gari likiwa kwenye mwendo, usukani humshinda dereva kabla hajajua kilichotokea.

Wengi wetu tumezoea kupima tairi kwa kuangalia kashata tu. Kashata hueleza tairi limetembea kiasi gani, lakini hazielezi lina umri gani. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa, joto na jua huukausha, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogo, na matabaka ya nyuzi, waya na mpira yaliyo ndani huanza kuachiana. Tena tairi linalokaa tu lina hasara yake: viwandani mpira huchanganywa na nta ya kuukinga, na nta hiyo hutoka juu vizuri zaidi tairi linapozunguka na kunyumbuka.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mstari hadi kwenye tarakimu 4 za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi ya Machochwe yaliandikwa 1810, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2010. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, usihangaike nalo. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kuingia chini ya gari na tochi. Tumeona watu wakikata tamaa hapo na kusema tairi halina tarehe.

Wazee wetu bado wanalisifu tairi la General Tyre la Arusha, na kweli lilikuwa imara. Lakini kiwanda kile kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Ukiletewa leo tairi lake "ambalo halijawahi kufungwa", limeshapita miaka 15.

Uingereza walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi Septemba 2012 tairi la mbele la basi lilipasuka, basi likaacha barabara na watu 3 wakafa. Tairi lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Tangu Februari 2021 nchi hiyo imekataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori.

Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5, na liondolewe likifika 10 hata kama linapendeza. Sisi, kwa joto letu na mashimo yetu, tumeamua kuwa tairi lililozidi miaka 6 lisikae mbele kwenye gari linalobeba wagonjwa.

Baada ya tarehe, tumia macho na mikono. Pinda mpira wa ubavuni: nyufa zikifunguka, au waya ukionekana, basi. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na hakuna kiraka kinachotibu hilo. Tairi likiwa limevuliwa, pitisha mkono ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, limewahi kutembezwa bila upepo wa kutosha. Chini ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa utelezi wa Mara tusisubiri hapo. Zikifika milimita 3 kamati ianze kutafuta fedha. Na mjihadhari na matairi ya kuchonga, yaani kipara kilichokatwa mifereji upya kwa kisu. Vile vinundu huwa havipo, au mifereji haina kina sawa.

Tairi la akiba nalo lina umri. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote, kwa sababu hakuna anayelikumbuka.

Tuseme pia kwamba mzee yule alikuwa na haki juu ya vipara. Kukataa matairi manne bila kuleta mengine ni kuliacha gari palepale. Tulikaa na kamati hadi jioni. Fedha zilizotengwa kwa rangi ya zahanati zilinunua matairi mawili, yakafungwa mbele. Hawakufurahi wote, na kuta bado hazijapakwa rangi. Yale manne ya stoo tulikubaliana yafungwe kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ambayo haina mwendo wa kupasua tairi, baada ya kuyatia alama ubavuni yasije yakarudi barabarani.

Kwa wafadhili wetu: mkitaka kututumia matairi, tunaomba kwanza mtuandikie zile tarakimu 4. Fedha za kununua hapa nchini zinatusaidia zaidi, kwani meli na bandari nazo hula miezi ya umri wa tairi. Machochwe bado wanahitaji mawili ya nyuma na moja la akiba.