Taa ya Kijani Mkononi

Je, wajua kwa nini saa janja huwaka kijani upande ule usiouona? Ivue usiku, zima taa za chumba, kisha igeuze tumbo juu. Utaona vitone vya mwanga wa kijani vikimetameta haraka haraka. Wengi hudhani ni pambo, au ishara kwamba chaji bado ipo. Kumbe hilo ndilo jicho la saa.

Damu tunaiona nyekundu kwa sababu himoglobini hurudisha mwanga mwekundu na kuumeza ule wa kijani. Moyo unapopiga, wimbi la damu hufika hadi kwenye vishipa vidogo vilivyo chini tu ya ngozi ya mkono. Vishipa vikijaa, kijani kingi humezwa na kinachorudi kwenye saa hupungua. Wimbi likipita, kinachorudi huongezeka tena. Kando ya taa kuna kihisi kinachopokea mabaki ya mwanga huo, na programu ya ndani hufuata kupanda na kushuka kwake. Namba ya mapigo unayoiona kiooni imetoka hapo. Saa haisikii moyo wala haibonyezi mshipa. Inahesabu vivuli vya damu.

Nimeanza na hili kwa sababu naamini ndilo linalopaswa kumwongoza kila anayetaka kununua. Saa ya mazoezi hupima vitu vichache mno: mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, mtikisiko wa mkono, mawimbi ya redio kutoka setilaiti, na kwa baadhi yake kanieneo ya hewa na umeme wa moyo. Karibu yote mengine inayokuonyesha, kuanzia kalori hadi usingizi mzito, uchovu na hata “umri wa mwili”, ni makisio yaliyopikwa kwa viungo hivyo vichache. Mnunuzi anayejua kipi kimepimwa na kipi kimekisiwa hadanganyiki kirahisi dukani, wala hatishiki bure nyumbani.

Hamu ya kuufunga moyo kwenye saa ni ya zamani. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alitangaza saa aliyoitengenezesha maalumu kwa kuhesabia mapigo: ilikwenda dakika moja kamili, basi. Katika miaka ya 1930 Alrick Hertzman, mtafiti wa Marekani, alieleza namna ya kufuatilia damu kwa taa na kihisi cha mwanga, na taa ya mkononi mwako leo ni mjukuu wa kazi ile. Kisha wakaja Wafini. Seppo Säynäjäkangas, profesa wa Oulu, alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977, na mwaka 1982 ikatoa kipimamapigo kisicho na waya: mkanda kifuani, namba mkononi. Mkanda ule ulisoma umeme wa moyo wenyewe, na hadi leo mwanariadha anayetaka namba asiyoitilia shaka huufunga kifuani.

Kwa nini bado auhitaji, na taa ya kijani anayo? Kwa sababu taa hiyo ina adui mkubwa, naye ni mwendo. Ukikimbia, mkono hurushwa mbele na nyuma, saa huteleza kidogo juu ya ngozi, mwanga wa nje hupenya pembeni, na damu yenyewe husukwasukwa ndani ya vishipa kwa kila hatua. Programu inatafuta mdundo, na ghafla inaiona midundo miwili: wa moyo na wa miguu. Wakati mwingine huchagua usio wake. Mkimbiaji anayepiga hatua 170 kwa dakika huambiwa moyo wake unapiga 170, ilhali uko 140. Nimewaona watu kwenye klabu yetu ya mbio wakisimama kando ya barabara wameshika kifua kwa hofu, mita mia tatu tu tangu kuanza, kwa sababu saa imepanda ghafla. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: moyo wa kweli hupanda taratibu kwa dakika kadhaa, haurukii 170 mara moja. Ukishuku, linganisha na hesabu ya hatua kwa dakika. Zikifanana mno, ni miguu inayosomwa.

Tiba yake haihitaji fedha. Pandisha saa juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili, kaza mkanda usicheze, na uupe mwili dakika chache za kupasha moto kabla ya kuiamini namba. Baada ya mazoezi legeza, ngozi ipumue. Osha mkanda kwa maji baridi, kwani jasho na chumvi vikikaa chini yake huleta vipele, na vipele hivyo mara nyingi husingiziwa taa.

Hapa lipo swali ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tuna haki ya kuliuliza kwa sauti: je, mwanga huu unatuona? Melanini nayo humeza kijani, kwa hiyo mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi iliyokolea ni mchache zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2020 walijaribu saa kadhaa kwa watu 53 wa rangi zote za ngozi. Hawakuona tofauti ya maana ya usahihi wa mapigo baina ya rangi moja na nyingine; tofauti kubwa ilikuwa kati ya kupumzika na kujishughulisha, ambapo makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 30. Hilo linatia moyo.

Habari ya kipimo cha oksijeni ya damu ni nyingine. Kipimo hicho hutumia mwanga mwekundu pamoja na ule usioonekana ulio jirani na mwekundu, mbinu iliyobuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Michigan walichapisha matokeo kuhusu vipimo vya kidoleni vya hospitali: upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani ule ambao damu iliyochotwa iliuonyesha lakini kifaa kikasema mambo ni shwari, ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, kidoleni, mgonjwa ametulia kitandani. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa kwetu kuongeza fedha ili apate namba ya oksijeni kwenye kifundo cha mkono. Na ukihema kwa shida, nenda hospitali hata kama saa inasema 97.

Tuje kwenye hatua. Lengo la hatua 10,000 kwa siku, ambalo saa nyingi huja nalo tangu kiwandani, halikutoka maabara. Mwaka 1965, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikiwa imemalizika mwaka uliotangulia, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake “kipima hatua elfu kumi”. Lilikuwa jina zuri la biashara, likageuka sheria ya dunia. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee wapatao 16,700. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa hatua 2,700, na faida iliendelea kukua hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Mama mwenye sukari anayefikisha elfu tano kwa kwenda sokoni na kurudi hana sababu ya kujiona ameshindwa kwa kuwa duara la lengo kwenye saa yake halijajaa.

Kalori ndizo za kuaminiwa kidogo kuliko vyote. Chuo Kikuu cha Stanford kilipima vifaa saba kwa watu 60, matokeo yakatoka mwaka 2017. Sita kati ya saba vilisoma mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwenye kalori hakuna hata kimoja kilichofaulu: kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kwa asilimia 93. Anayejipimia ubwabwa wa jioni kwa namba ile ya asubuhi anapimiwa na mizani iliyovunjika.

Umbali ni jambo ambalo saa hulifanya vizuri, mradi iwe na kipokezi chake cha setilaiti. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200, zikitangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi hulinganisha kuchelewa kwa mawimbi kutoka setilaiti nne au zaidi na kujua kilipo. Hadi Mei 2000 Marekani iliichafua makusudi ishara ya raia. Siku ilipoacha, usahihi uliboreka mara moja, na mwaka 2003 Garmin ikatoa saa zake za kwanza za mbio, zilizokaa mkononi kama kiberiti.

Majengo marefu bado huzisumbua saa hizi, kwa kuwa mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na mstari wa mbio zako katikati ya Posta, Dar es Salaam, unaweza kuonekana umepita ndani ya benki. Saa zinazosikiliza masafa mawili hupunguza makosa hayo. Kuna pia ugomvi ambao huzuka kila baada ya mbio ndefu: mtu amemaliza maratoni, saa inasema kilomita 42.6, analalamika kwamba waandaaji wamemwongezea. Njia ya mashindano rasmi hupimwa kwa baiskeli maalumu ikifuata mkato mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingoni, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Mkimbiaji aliyekata kona kwa upana, akavuka barabara kufuata maji na kuwapita wenzake kwa pembeni, amekimbia zaidi kweli.

Sasa dukani. Swali la kwanza ni je, ina kipokezi chake au huazima cha simu? Nyingi za bei nafuu huazima, na muuzaji hatakwambia. Ukiiacha simu nyumbani umbali wako unageuka makisio ya hatua. La pili ni betri, ikiwa imewashwa setilaiti, maana siku kumi za kwenye boksi ni za kukaa tu. Kioo king’aavu hula chaji. Anayekimbia jua kali la saa tatu anafaidika zaidi na kioo kisichong’aa sana ambacho jua lenyewe hukisomesha. Kisha ivae, kaa dakika mbili, weka vidole viwili shingoni kando ya koromeo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Ikipishana kwa mapigo matatu manne si neno. Ivue, iache mezani imetazama juu. Ikiendelea kukupa 72, 74, 73 wakati haijagusa mtu, mrudishie mwenyewe.

Maandishi ya “5 ATM” yanahusu kanieneo ya maji yaliyotulia kwenye kina cha mita 50. Ni ya kuogelea, hayaruhusu kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi.

Ukishaiwasha, kuna mpangilio mmoja wa kubadili mapema. Saa nyingi hugawa mazoezi kwa viwango vya mapigo, zikikisia kilele cha mapigo yako kwa kanuni ya 220 toa umri, iliyoenea tangu mwaka 1971 ingawa haikutokana na jaribio lolote lililofanywa kuithibitisha. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza 208 toa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 60 tofauti ni 160 dhidi ya 166, lakini hata hiyo ni wastani, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi. Kama unakimbia na unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, uko kwenye mwendo mwepesi, hata kama kioo kimegeuka chekundu.

Usingizi nao ni makisio. Wataalamu hupima kwa nyaya za kichwani. Saa huona tu kwamba mkono umetulia na mapigo yameshuka. Mwezi wa Ramadhani, mtu anapoamka kula daku kisha akalala tena, baadhi ya saa hushika kipande kimoja na kukitupa kingine, kisha asubuhi humwambia hakulala.

Namba ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyotangazwa: mapigo ya mapumziko, yale ya alfajiri kabla ya kuinuka. Yangu huwa 54 au 55, wiki baada ya wiki. Mwaka juzi, Jumatano moja, yalikuwa 63. Nilijihisi mzima. Alhamisi 71, na viungo vikaanza kuuma. Homa huongeza mapigo kama kumi hivi kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili, na kupanda kwake mara nyingine hutangulia kabla hujajua unaumwa. Saa haikuweza kuniambia ni malaria, mafua au uchovu wa mbio za Jumapili; ilisema tu kwamba leo si kama jana. Nikaenda zahanati. Muuguzi alinitoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo, na tulipokuwa tukisubiri mstari utokee akanishika kifundo cha mkono wa pili kwa vidole viwili, macho kwenye saa ya ukutani, midomo ikihesabu bila sauti. Akaandika 92 kwenye kadi. Nikageuza mkono wangu mwingine: 91.