Vazi la Pembe Nne

Ukipita madukani Kinondoni au Temeke utaona vikoi vimetundikwa, na nyuzi zake zinaning'inia mwishoni. Nyuzi hizo twaziita matamvua. Kwetu ni urembo tu. Kwa Wayahudi ni amri ya Mungu.

Fungua Kitabu cha Hesabu, sura ya 15, aya ya 38. Humo Musa aliagizwa awaambie Waisraeli watie matamvua katika pembe za nguo zao, pamoja na uzi wa buluu, ili wakiyatazama wazikumbuke amri zote. Rangi ile ilitolewa katika konokono wa baharini. Baadaye maarifa ya kuitengeneza yakapotea, na hadi leo Wayahudi wengi huvaa nyuzi nyeupe tupu.

Basi, kwa nini matamvua yakaingia ndani ya shati? Zamani watu walijitanda shuka zenye pembe nne. Wayahudi walipotawanyika, walianza kuvaa nguo kama za jirani zao, zisizo na pembe. Ili wasiiache amri, wakashona kitambaa kidogo chenye tundu la kichwa, wakakivaa ndani mchana kutwa. Jina lake ni taliti katani, yaani taliti ndogo, kwa kuwa ile kubwa hutandwa mabegani wakati wa sala. Wengine hukiita arba kanfoti, maana yake pembe nne. Jina hilo limetoka katika Kumbukumbu la Sheria 22:12. Nyuzi zenyewe ni tsitsiti. Kila pembe hutiwa nyuzi nne, zikikunjwa huwa nane, kisha hupigwa mafundo matano.

Hata Afrika ya Mashariki wako wafuasi wa dini hiyo. Mwaka 1919 Semei Kakungulu aliingia dini ya Kiyahudi karibu na Mbale, Uganda. Idi Amin alipoipiga marufuku miaka ya 1970, wengi waliiacha. Wachache wakasali kwa siri. Jamii yao, Abayudaya, ingalipo.

Yatuhusu nini sisi? Soma Mathayo 9:20. Mwanamke mgonjwa aligusa pindo la vazi la Yesu. Neno la Kiyunani lililoandikwa pale ndilo lililotumika zamani kutafsiri matamvua ya Musa. Basi Bwana wetu naye aliyavaa. Lakini katika sura ya 23 aliwakemea waliorefusha matamvua yao ili watazamwe na watu.

Sisi nasi tuna skapulari na rozari. Baba na mama, waulizeni watoto jioni: hii tuliyoivaa shingoni yatukumbusha nini? Asiyejua jibu amevaa uzi tu.