Kompyuta Inapokuta Maji Chini ya Sifuri

Tangi lina maji ya kina cha mita 1, na tundu lililo chini yake hulimaliza kwa sekunde 100. Mwanasayansi Torricelli alieleza tangu karne ya 17 kwamba kasi ya maji kutoka hufuata kipeuo cha pili cha kina kilichobaki. Basi ifikapo sekunde ya 90 imebaki sentimita 1 tu, nayo inashuka milimita 2 kila sekunde. Programu ikiruka sekunde 10 kwa mwendo huo, itakuta maji yako sentimita 1 chini ya sakafu ya tangi, kisha itatakiwa kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi.

Programu za kukokotoa milinganyo tofautishi, kama ule wa tangi, hujirekebishia urefu wa hatua, yaani muda unaorukwa kila mara. Njia ya Dormand na Prince, ya mwaka 1980, hupata majibu mawili kwa kila hatua na kuyalinganisha. Tofauti hiyo, inayohesabiwa kuwa kosa, ikizidi kikomo, hatua hutupwa na kurudiwa ikiwa fupi zaidi.

Hatari imejificha kwenye ulinganishi huo. Kipeuo cha namba hasi huzaa NaN, yaani "si namba", na kwa kanuni za IEEE 754 za hesabu za kompyuta, za mwaka 1985, kuuliza kama NaN ni kubwa au ndogo kuliko chochote hujibiwa "hapana". Anayeandika "je, kosa limezidi kikomo?" hujibiwa hapana, na uozo unapokewa! Akiuliza "je, kosa limo ndani ya kikomo?" hujibiwa hapana vilevile, ila safari hii hatua inakataliwa, kama inavyostahili. Urefu mpya nao usitafutwe kwa fomula ya kawaida, maana itatoa NaN nyingine. Hatua ikatwe nusu au robo, ijaribiwe tena.

Wengi huona ni rahisi kuifuta namba hasi na kuandika 0. Ni kosa kubwa. Katika mfano wa kemia wa Robertson wa mwaka 1966, jumla ya viwango vya kemikali tatu lazima ibaki 1. Kuweka 0 kwa nguvu ni kuongeza kemikali ambayo haikuwamo. CVODE, programu ya maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, ina utaratibu wa heshima zaidi: fomula ya mtumiaji hurudisha pia namba ya taarifa; ikiwa 0, mambo ni sawa; ikiwa chanya, programu ijaribu hatua fupi; ikiwa hasi, isimame kabisa.

Ila katika sekunde ya 100 tangi limekwisha kweli, na kufupisha hatua hakutasaidia. Hapo programu inapaswa kuvizia kina kinapogusa 0, isimame, na kutaja saa yake.