Miguu Minne ya Motokaa

Mang'ula ni mahali palipo chini ya milima ya Udzungwa, kandokando ya barabara iendayo Ifakara. Upande mmoja ni mlima na msitu, na upande wa pili ni bonde pana la mto Kilombero, lenye mashamba ya mpunga na miwa. Mtu akisimama mahali hapo kwa muda, ataona magurudumu ya namna nyingi. Treni ya TAZARA hupita juu ya reli kwa magurudumu ya chuma, kwa kuwa njia yake nayo ni ya chuma. Trekta liendalo shambani lina magurudumu makubwa ya nyuma yenye meno marefu, yapate kuuma tope la majaruba. Baiskeli ina magurudumu membamba na mepesi, kwa sababu nguvu yake ni miguu ya mtu, naye hana nguvu za kupoteza.

Kila gurudumu, basi, limechaguliwa kwa kazi yake na kwa ardhi yake. Jambo hili ni wazi kwa kila mtu. Lakini liko jambo jingine lililofichika zaidi, nalo ni hili: hata katika motokaa moja, matairi ya mbele na matairi ya nyuma hayana kazi moja. Vipimo vyake lazima vichaguliwe kwa kupatanisha pande hizo mbili. Anayetaka kulifahamu jambo hili na atazame motokaa ya mbio, ile iliyo fupi na nyepesi, iliyotengenezwa ili ipite kona upesi bila kuyumba.

Motokaa, hata ikiwa kubwa, haigusi ardhi ila mahali pane tu, na kila mahali upana wake ni kama kiganja cha mtu mzima, au zaidi kidogo. Kwenda mbele, kusimama na kugeuka, yote hutegemea viganja hivyo vinne. Motokaa iendapo polepole katika njia iliyonyoka, kazi ya viganja hivyo ni nyepesi. Lakini ifikapo kwenye kona, uzito wake wataka kuendelea mbele vilevile, kama mtoto akimbiaye kwa nguvu anavyoshindwa kugeuka ghafula. Matairi ndiyo yanayouzuia uzito huo na kuuvuta kuelekea ndani ya kona. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili katika kona ileile, nguvu inayotakiwa huzidi si mara mbili, bali mara nne. Nguvu hiyo ikipita kadiri ya uwezo wa tairi, tairi huteleza.

Hapo huja swali kubwa: Ni matairi yapi yatakayotangulia kuteleza, ya mbele au ya nyuma?

Yakitangulia ya mbele, dereva huzungusha usukani, lakini motokaa hukataa kugeuka, nayo huendelea kuelekea ukingo wa nje wa barabara. Yakitangulia ya nyuma, motokaa hutupa mkia wake nje, ikazunguka kama mbwa anayetaka kujiuma mkia. Makosa hayo yote mawili ni ya hatari, lakini la pili ni baya zaidi kwa dereva wa kawaida. Katika kosa la kwanza, akipunguza mwendo kwa utaratibu, matairi ya mbele huweza kushika tena. Katika la pili hutakiwa mikono myepesi na mazoezi mengi. Naye akishtuka na kuondoa mguu kwenye mafuta kwa ghafula, huenda mkia ukazidi kutupwa. Kwa sababu hiyo, motokaa nyingi za watu wote hutengenezwa hivi, kwamba zikizidiwa, matairi ya mbele ndiyo yatangulie kuteleza. Fundi wa motokaa ya mbio hutafuta mizani iliyo sawa zaidi, mbele na nyuma zishike karibu kwa kadiri moja, ili dereva aiongoze motokaa kwa wepesi.

Mizani hiyo hutegemea sana mahali uzito ulipo. Mwendesha baiskeli achukuaye gunia la mchele kwenye keria huliona jambo hili kila siku. Gurudumu lake la nyuma hulemewa, la mbele huwa jepesi, naye hujaza upepo zaidi nyuma kabla ya kuondoka. Volkswagen ndogo ya zamani, ile yenye umbo la kobe, ilikuwa na injini nyuma. Matairi yake yote manne yalikuwa ya kipimo kimoja, lakini watengenezaji waliagiza upepo wa matairi ya mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma. Hivyo walipatanisha pande mbili kwa upepo tu, bila kubadili vipimo.

Motokaa zenye nguvu zaidi zilihitaji zaidi ya upepo. Ili kuona jinsi vipimo vinavyochaguliwa, yafaa kwanza kujua kuyasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tuseme yameandikwa 185/70 R 15. Hesabu ya kwanza, 185, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, maana yake kimo cha ubavu ni sehemu 70 katika kila 100 za upana huo. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita kutoka ukingo mmoja wa tairi hata ukingo wa pili kwa njia iliyo fupi. Na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Basi, kimo cha ubavu wa tairi hilo ni milimita 129.5. Ubavu ni mara mbili, juu na chini, yaani milimita 259; na ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla yake ni milimita 640, na hicho ndicho kimo cha tairi zima.

Afrika Mashariki imekuwa shule kubwa ya elimu hii. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya motokaa yaliyokuja kujulikana kwa jina la Safari Rally, ambayo katika miaka yake ya kwanza yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope. Motokaa mbili za mbio zilizopata sifa katika mashindano hayo zaonyesha njia mbili za kuchagua matairi.

Ya kwanza ni Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Injini yake ilikuwa mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyoisukuma, na uzito wake uligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo iliuzwa ikiwa na matairi ya kipimo kimoja, mbele na nyuma.

Ya pili ni Porsche 911, iliyopata nafasi ya pili mwaka 1974 na mwaka 1978. Injini ya motokaa hii imewekwa nyuma kabisa, hata kupita magurudumu ya nyuma, na sehemu kubwa ya uzito huangukia huko. Katika kona, uzito huo ulikuwa tayari kuuvuta mkia nje. Basi katika ile iliyoitwa Carrera RS, ya mwaka 1973, mbele yaliwekwa matairi ya 185/70 R 15, na nyuma ya 215/60 R 15. Kwa hesabu ileile, ubavu wa tairi la nyuma ni milimita 129, na kimo chake chote ni milimita 639. Ajabu ni hii: tairi la nyuma lilikuwa pana zaidi kwa milimita 30, na tofauti ya kimo ilikuwa milimita moja tu. Mafundi waliongeza upana mahali palipo na uzito, wala hawakuiinua motokaa upande mmoja. Hivyo vilikuwa vipimo vya motokaa iliyouzwa kwa watu. Katika mashindano matairi hubadilishwa kwa kufuata hali ya njia.

Mtu asiyeyajua hayo huvutwa na macho. Huona tairi pana, akadhani motokaa yake itakuwa kama ile ya washindi. Akiongeza upana mbele peke yake, mbele hushika kuliko nyuma, na mkia huwa mwepesi kutupwa. Akiongeza nyuma peke yake, katika motokaa iliyokwisha kuwa nzito mbele, huizidishia tabia ya kukataa kona. Akiweka mapana pande zote, bila kuangalia kimo, huenda yakasugua bodi kila usukani unapozungushwa. Tena dira ya mwendo hudanganya. Tairi la 205/70 R 15 lina kimo cha milimita 668. Likiwekwa mahali pa lile la milimita 640, dira ikionyesha kilometa 80 kwa saa, motokaa kwa kweli inakwenda kilometa 83 na zaidi.

Wala upana si faida katika kila njia. Juu ya lami kavu, tairi pana husaidia. Lakini wakati wa masika, maji yakitanda juu ya lami, tairi pana huweza kuelea kama mtumbwi, na usukani ukawa hauna kazi. Jembamba huyapasua maji kwa urahisi zaidi. Katika tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba lenye meno marefu huzama hata kuifikia ardhi hiyo. Katika mchanga mwingi mambo hugeuka, tairi pana lenye upepo kidogo likawa bora. Basi hakuna tairi lililo bora mahali pote. Liko lifaalo motokaa fulani katika njia fulani.

Hata vipimo vikichaguliwa vyema, mizani yake yaweza kuharibika kwa uvivu. Upepo ukipungua upande mmoja, au meno yakiisha na tairi likawa kipara, motokaa si ileile tena. Watu wengi, wakipata matairi mapya mawili tu ya kipimo kilekile, huyafunga mbele kwa sababu usukani uko mbele. Mafundi wenye ujuzi huyafunga nyuma, ili mkia usitangulie kuteleza siku ya mvua.

Elimu hii si ya wenye motokaa peke yao. Katika barabara ya Mang'ula hupita watoto waendao shule, akina mama wenye mizigo kichwani na waendesha baiskeli wenye magunia. Motokaa ikishindwa kona, wao ndio walio kwenye ukingo wa nje. Wahenga walisema, “Usione vyaelea, vimeundwa.” Kadhalika motokaa ipitayo kona kwa utulivu: imetulia kwa sababu mtu alipima, akapiga hesabu, akaupa kila mguu kiatu chake.